Boga ya Lubero

Jumamosi, 4 août 2012

Leo nimepasua boga ya Mbusa. Kaka yangu huyo aliileta mwezi wa sita, juu ya camion yenye ilitoka Butembo na mboga, choux na poireaux. Alisema inatoka ku milima ya Lubero, kule baridi. Ngozi yake ni ya kijivu, ngumu kama jiwe ya muto. Ilikaa chini ya kitanda yetu muda huu wote na haikuoza. Ni hiyo inanishangaza. Boga ya hapa Bunia ukiiacha kidogo tu, inaanza kutoa maji. Hii ilingoja.

Kisu ilikataa. Vital, bwana yangu, alienda kutafuta nyundo yake ya kuchomelea vyuma, akapiga mara moja. Ndani – rangi ya chungwa, nyama nzito, bila nyuzi-nyuzi. Nimechemsha na chumvi kidogo. Orly, binti yetu, alikula bila kusema kitu. Orly hajawahi kula kimya tangu azaliwe.

Mama mukwe naye alikula. Akapangusa vidole, akasema ni kama kiazi kitamu chenye kimesoma. Kwake hiyo ni sifa.

Mbegu nimeosha, nimeanika juu ya sahani. Nataka kuona kama mutoto wa baridi atakubali udongo wa Rwambuzi, mutaa wetu.

Jumapili, 12 août

Baada ya misa nimepanda. Nyuma ya nyumba, pale tunamwaga majivu ya jiko. Mashimo matatu, mbegu mbili-mbili, nimezilaza ubavu. Juu ya nini ubavu? Sijue. Marehemu mama yangu alifanyaga vile na sikumuuliza.

Mama mukwe alikuwa ameketi ku mulango wa jikoni, anachambua maharagi. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia Mbusa anasema miezi karibu ine.

Akacheka bila sauti. "Bibi ya Vital, hapa mutu anapanda lengalenga. Wiki tatu, iko mu sufuria. Kitu cha miezi ine ni cha mutu mwenye anajua kesho yake."

Miaka saba niko bibi ya mutoto wake na bado ananiita "bibi ya Vital". Hasemi vibaya. Anasema vile unasema jina ya kitu cha mutu mwingine.

Lakini ni kweli, nimeanza kuangalia. Parcelle zote za jirani – lengalenga, ndunda, vitunguu vya majani. Vyote vya haraka. Hakuna mutu amepanda muti wa avoka. Vita iliisha, tunasema hivyo kila siku. Mikono yetu haijasikia.

Jumanne, 21 août

Zimetoka! Ine kwa sita. Kila moja imebeba ganda ya mbegu ku kichwa kama kofia. Moja ilishindwa kuvua kofia yake, majani mawili yamefungwa ndani. Nilitaka kuisaidia. Mama mukwe alisema niache, itajivua yenyewe. Nikasaidia. Jani moja likapasuka.

Mama mukwe alirudi ndani tu.

Jumatano, 5 septembre

Inakimbia. Kila asubui, mbele ya kwenda ku soko na vikwembe vyangu, vitenge vya kuuza, napita kuangalia. Shina iko na tundu ndani kama bomba. Majani yanakwaruza mukono. Na kuna vile vidole vyembamba, vimejikunja kama waya ya Vital – leo asubui niliweka kijiti pembeni ya kidole kimoja, bila kukigusisha. Mangaribi nimerudi, kimezunguka kijiti mara mbili.

Kiliona na macho gani?

Nimemuuliza Vital wakati wa kula. Anasema labda kinapapasa, kama kipofu anatafuta ukuta. Alikuwa na furaha leo. Mwezi huu wanamuomba milango tu, milango ya chuma na ma-grille ya dirisha. "Mutu mwenye anafikiria kukimbia hanunue mulango," anasema. Mama mukwe akamjibu kwamba hata Fataki, kwao kwenye walikimbia vita, kulikuwa na milango.

Tukaendelea kula.

Ijumaa, 14 septembre

Nimerudi ku soko, nikafunua sufuria. Majani ya boga. Yamepikwa na karanga, yananukia vizuri sana. Nikatoka mbio nyuma ya nyumba. Ncha zote – zimekatwa. Zote.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza mama mukwe kwa heshima kama ni yeye. Akasema ndiyo, nani mwingine. "Majani ni chakula, bibi ya Vital. Unanikasirikia juu ya chakula?"

Nikamwambia nilitaka matunda.

"Na matunda yakikosa kufika, utakula nini? Utakula kutaka?"

Vital akasema siye wote wawili tuko na haki. Hiyo haikusaidia mutu. Nitalala bila kula. Ninaandika nikiwa na njaa, na harufu ya karanga iko mu chumba.

Jumapili, 16 septembre

Aibu kidogo. Leo nimeangalia vizuri pale zilikatwa. Chini ya kila kidonda kunatoka mikono miwili mipya, mibichi, imejaa nguvu. Palikuwa njia moja, sasa njia mbili.

Nimeenda kumwonyesha mama mukwe. Aliinama, akashika shina kwa vidole viwili vile daktari anashikaga mukono wa mugonjwa. Akasema kwao walikataga hivyo, lakini walichagua. Ile yenye inaenda mbali unaiacha iende. Nikasema: "Mbona hukuniambia, mama?" Akasema: "Hukuniuliza. Ulinikasirikia."

Tumepatana. Mashina mawili ya upande wa jiko ni yake, atachuma majani vile anataka. Yale mawili ya upande wa ukuta ni yangu, hakuna mutu atagusa. Na leo usiku nimekula majani. Nilijinyima bure ijumaa.

Jumanne, 25 septembre

Maua. Makubwa, ya manjano, wazi tangu mapambazuko. Saa ine yanafungika kama mutu mwenye ameshachoka wageni. Yote yameanguka bila kuacha kitu. Kesho yake mengine, nayo chini.

Nilianza kuhuzunika. Mama mukwe alipita na ndoo yake, akasema bila kusimama: "Ya kwanza ni ya wanaume. Wanatanguliaga kuja, wanasimama pale, hawana kazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kwamba maua yako na wanaume. Miaka yote nimekula boga, sikujua.

Jumamosi, 6 octobre

Sasa naweza kuyatofautisha. Ua ya mwanaume iko na kikonyo kirefu, chembamba. Ya mwanamuke imeketi juu ya kaboga kadogo, kameshatengenezwa, kama kidole gumba. Kaboga kako pale mbele ua halijafunguka! Kanangoja tu.

Lakini twote tunageuka manjano na kuoza. Tano sasa. Mvua kila asubui wiki hii, nyuki hawatoki.

Leo ku soko alikuja ingénieur Katsuva, agronome, fundi wa kilimo, kumununulia bibi yake kikwembe. Muzee wa Butembo kama mimi na Mbusa, mutu mupole. Nikamueleza shida yangu. Akasema: kama nyuki hatoki, weye ndiye nyuki. Chuma ua ya mwanaume asubui sana, vua majani yake ya manjano, ile unga ya katikati pakaza ndani ya ua ya mwanamuke. Kisha fungia ua na uzi ili mvua isiingie.

Alisema hivyo mbele ya wanunuzi wengine. Mama mumoja akatazama pembeni.

Jumapili, 7 octobre

Niliamka na mwanga wa kwanza. Kulikuwa maua mawili ya wanawake wazi, na wanaume watatu. Nikasikia mama mukwe nyuma yangu:

"Mama Orly. Unafanya nini?"

Nikamueleza. Akaangalia maua. Kisha: "Unaozesha maua."

"Ndiyo, mama."

"Na ng'ombe wa mahari, nani analeta?"

Nilimwangalia. Uso wake ulikuwa mukavu kabisa, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Akapiga magoti mu matope, yeye mwenye magonjwa ya magoti, akashika ua ya mwanamuke wazi na vidole vyake ili nisiipasue. Nikapakaza. Akafunga na uzi wa mushono wake mwenyewe.

Ni mu misa ndiyo nilikumbuka: ameniita Mama Orly.

Jumatatu, 15 octobre

Zimeshika! Zote mbili. Zilikuwa kidole, sasa ni ngumi. Zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kila siku zinakua, unaweza kusema unaona. Niliketi saa nzima mangaribi nijaribu kuona. Huoni. Unageuza kichwa, unarudi, imekua.

Majani ya zamani yamepata vumbi nyeupe kama unga wa muhogo. Mama mukwe anasema ni uzee tu. Ameyatoa, ametupa mbali.

Jumapili, 28 octobre

Kitu cha ajabu. Zinatoka mu boga moja, mama moja, lakini hazifanane. Ile ya karibu na ukuta ni ya kijivu, mviringo, mama yake kabisa. Ya pili ni ndefu kidogo, ya kijani, na mistari ya maziwa. Nilienda mpaka kwa ingénieur Katsuva kumuuliza. Anasema nyuki wa Lubero walishachanganya mambo kule, mbele hata Mbusa hajanunua boga. Mbegu inabeba baba mwenye hatumujue. Ukitazama boga kwa inje huwezi kuona ndani kuna ndoa ngapi.

Nimemuelezea mama mukwe tukiwa tunachambua maharagi, Vital anakula muhindi pembeni yetu. Alisikiliza. Kisha akaanza kusema, na alikuwa anasema na maharagi, si na mimi.

Ku Fataki, mwaka walikimbia, alikuwa na shamba nyuma ya nyumba. Maboga yalikuwa mazuri mwaka ule, hata hakupenda kuyahesabu, aliogopa kijicho. Yalibaki siku chache yakomae. Risasi zilianza asubui. Alishika binti yake Claire mukono, Vital alibeba mufuko, wakaenda. Hakufunga hata mulango.

Nikauliza – singeuliza, lakini ulimi wangu uko hivyo – nani aliyakula?

Vital aliacha kutafuna. Hakuna mutu amemuulizaga mama yake kitu kama hicho, niliona.

"Sijue," alisema mama mukwe. "Mimi pia ni hiyo nilitakaga kujua. Si nani alichoma nyumba. Nani alikula maboga. Kama alikuwa na watoto. Kama alijua kuyapika na maganda yake."

Akapepeta maharagi, kisha akasema: "Natumaini walikula. Kuoza ingekuwa mubaya zaidi."

Tulimaliza maharagi. Nilifikiria yule mutu usiku huu. Mutu mwenye anakula boga ya mutu. Labda alikuwa na njaa kama mimi ijumaa ile, labda zaidi sana.

Jumamosi, 10 novembre

Mama mukwe ameacha kuchuma. Hata mashina yake, ya upande wa jiko, hayagusi tena. Leo tulikula sombe, majani ya muhogo, ya kununua. Vital aliuliza majani ya boga yameenda wapi, mama yake akajibu kwamba shina ikikosa majani tunda inalala njaa.

Ni yeye huyu.

Nimemkuta asubui ameweka kipande cha tofali chini ya boga ya kijivu ili tumbo lake lisilale mu matope. Anaigeuza pole, kidogo tu, kama mutoto mwenye amelala. Ingénieur alinifundisha: piga ukucha ku ngozi. Ukucha ukiingia, bado. Na kikonyo lazima kikauke, kiwe kama kuni. Nimemuonyesha. Sasa kila siku anaenda kupiga ukucha mahali pamoja, chini, pasipoonekana.

"Bado," ananiambia nikirudi ku soko. Hanisalimie kwanza. "Bado."

Jumanne, 20 novembre

Goma imeanguka mu mikono ya waasi. Redio ilisema mchana. Ku soko watu walikusanyika mbele ya magasin ya simu, kila mutu anapiga, reseau hakuna. Mama Hélène, jirani yangu ku soko, alifunga vitu vyake bila kuaga. Watu wakisema Goma, wanasema pia: kisha ni wapi?

Nilimupata Mbusa ku simu saa kumi na moja. Iko Butembo, iko muzima. Anasema watu wanatazamana tu. Anasema nisihangaike, na sauti yake ilikuwa inahangaika.

Vital alirudi mapema. Hakuna mutu amekuja kuchukua mulango wake leo.

Jumatano, 21 novembre

Vijana wako mu barabara tangu asubui. Wamekasirika, wanaimba, wanachoma mapira ya gari. Soko haikufungua. Moshi mweusi upande wa muji. Tumekaa ndani, mulango umefungwa. Orly anauliza kama ni sikukuu.

Mangaribi Vital amesema neno yake. Kesho asubui siye watatu – mama, mimi, Orly – tutaenda Mahagi kwa dada yake Claire. Yeye atabaki kuchunga nyumba na atelier yake ya vyuma. Ameshaongea na taximan, moto, ile pikipiki yake, itatufikisha pale gari za Mahagi zinapakia. Alisema akiangalia chini. Mwaka ule wa Fataki alikuwa kijana, na ninafikiri kesho yote anaiona na macho ya kijana yule.

Mimi nimekubali. Nitasema ukweli hapa: nimekubali haraka. Mimi mwenye nilipanda kitu cha miezi ine. Nilisikia mapira yanapasuka nikakimbia kufunga mufuko, na sikufikiria boga hata mara moja mpaka sasa ninapoandika.

Mama mukwe aliuliza tu kama mvua itanyesha.

Alhamisi, 22 novembre

Asubui. Naandika haraka, nimesimama.

Muji umetulia kidogo. Au unavuta pumzi, sijue. Redio inasema vitu viwili vyenye havipatane. Mufuko wangu uko tayari. Orly amevaa nguo mbili, moja juu ya ingine.

Moto ilifika sasa hivi. Taximan ni kijana anaitwa Christian, hataki kuzima, anapiga klaksoni.

Nilichukua kisu cha jikoni nikaenda nyuma ya nyumba. Nilifikiri: tukate hata ile ya kijivu, tuibebe, Claire ataipika hivyo hivyo. Mama mukwe alikuwa pale. Hajavaa viatu vya safari. Alikuwa analaza majani makavu kuzunguka boga, pole pole, kama mutu mwenye siku yake ni ndefu.

Nikainama nikate. Akashika mukono wangu. Si kwa nguvu.

"Piga ukucha," akasema.

Nikapiga. Ukucha ukaingia. Kidogo sana, lakini ukaingia, tone moja la maji likatoka.

"Unaona. Bado."

Nikamwambia: "Mama, Vital amesema twende. Moto iko pale."

"Vital ni mutoto wangu. Anaogopa, iko na haki. Weye pia unaogopa, mwanangu, mukono wako ni baridi." Akachukua kisu, akakipangusa ku kikwembe chake. "Kama mutaenda, muende. Sitamukasirikia mutu. Mimi nataka kuona ile ikikomaa. Sijaona moja ikikomaa mbele ya macho yangu, tangu nifike hapa."

Vital anaita kutoka mbele, mara ya pili. Sasa mara ya tatu, na sauti yake imepasuka katikati kama ya mutoto. Nimeingia ndani nichukue mufuko na nimejikuta naandika. Sijue hata kama ninataka kumushurutisha mama, au ninataka ashinde.

Namuona mama ku dirisha. Anazunguka nyumba, anaenda mbele, na kisu mu mukono na matope ku magoti. Anapita Vital. Anasimama mbele ya yule Christian, anamwambia kitu, pole, hasikiki kwa sababu ya kelele ya moto. Kijana anakuna kichwa. Anamwangalia Vital. Anamwangalia tena mama.

Moto imezima.

Mama anamuonyesha kijana kiti, akae, angoje.